Kidole cha Mama Kwenye Ayubu 13:15

Siku ya tatu ya msiba wa mdogo wangu, mhubiri alisimama chini ya turubai, akainua Biblia juu, akasema kwa sauti iliyofika hadi barabarani: "Ayubu alisema, hata Mungu akiniua, nitamtumaini!" Watu wakaitikia amina. Akarudia, wakaitikia tena, safari hii kwa nguvu zaidi.

Mama hakuitikia. Alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, kanga ameifunga kichwani, na Biblia yake ya jalada jeusi iko wazi mapajani. Miwani yake imebaki mguu mmoja. Upande wa pili ameufunga uzi mweusi unaozungushwa sikioni. Alikuwa akikitembeza kidole juu ya ukurasa, polepole, kama anayetafuta jiwe kwenye mchele. Kidole kikasimama. Kikarudi nyuma kidogo, kikasimama palepale. Akaniinamia, akauliza kwa sauti ya chini:

"Mbona yangu inasema sina tumaini?"

Nilichungulia, ingawa sikuwa na haja ya kuchungulia. Ayubu 13:15, tafsiri ya Union: "Tazama, ataniua, sina tumaini." Nilisoma Kiebrania miaka miwili, nikafundisha maarifa ya Biblia miaka mingi zaidi ya hiyo, na mstari huo niliujua mpaka mahali unapokaa kwenye ukurasa. Jibu nilikuwa nalo. Lakini pale, mbele za watu, jeneza lilikuwa limetoka jana tu, nilimshika mkono nikamwambia, "Tutaongea, Mama."

Hii ni sehemu ya maongezi yale, pamoja na mengine ambayo sikujua kuyasema usiku ule.

Nianze na mdogo wangu, maana bila yeye mstari huu ungebaki kuwa somo la darasani. Alizaliwa na selimundu. Tulikulia vijijini Muheza, kwenye michungwa na mbu, na wengi mnaoishi ukanda ule mnaijua selimundu hata kama hamjui jina lake: mtoto mwenye macho ya manjano, anayelia miguu, anayelala hospitali kila baada ya muda. Ilipomshika usiku, maumivu yalikuwa ndani ya mifupa yenyewe. Mama alichemsha maji, akakamua kitambaa, akamkanda magoti na mgongo, huku mdogo wangu ameuma pindo la kanga ili asituamshe. Sote tulikuwa macho. Asubuhi Mama alikuwa akianika kanga ile na alama za meno zinaonekana kwenye pindo.

Ayubu naye anasema katika sura ya 30 kwamba usiku mifupa yake inachomwa ndani yake, na kinachomtafuna hakipumziki. Nimesoma maelezo mengi ya wataalamu kuhusu ugonjwa wake, kama ulikuwa majipu, ukoma au kitu kingine. Sina ubishi nao. Ila mimi mstari huo nilikuwa nimeusikia kwa masikio kabla sijausoma.

Aliishi miaka 29.

Katika miaka hiyo 29 watu walikuja na maelezo. Ndugu mmoja alisema ni laana ya upande wa baba, mzee fulani alikufa na kinyongo. Mwombaji mmoja alisema kuna dhambi haijatubiwa nyumbani. Mwingine alimuuliza Mama kama ile mifungo yake ilikuwa ya kweli au ya kukosa tu chai ya asubuhi. Hawakuwa watu wabaya. Walikuja na sukari na unga, walikaa, waliomba, wengine walilia. Elifazi, Bildadi na Sofari nao hawakuanza vibaya: mwisho wa sura ya 2 wanakaa chini na Ayubu siku 7, usiku na mchana, bila mtu kumwambia neno. Kama kitabu kingeishia hapo, tungewaita marafiki wema kuliko wote katika Maandiko. Kisha wakafungua midomo. Elifazi akauliza ni nani aliyewahi kuangamia akiwa hana hatia. Bildadi akagusa watoto waliokufa, akasema huenda walimkosea Mungu. Sofari akaongeza kwamba Mungu amemtoza Ayubu chini ya deni lake.

Hesabu yao ni nyepesi: Mungu ni wa haki, wewe unateseka, basi umekosa. Kila kipande kinaonekana kukaa sawa. Shida ni kwamba msomaji ameshasoma sura mbili za mwanzo, anajua kilichosemwa mbinguni, na mbinguni kilisemwa kinyume chake.

Hapo kuna neno moja la Kiebrania ambalo tafsiri yetu, bila kosa la mtu, inalificha. Ni *hinnam*. Maana yake ni bure, burebure, pasipo malipo wala sababu. Katika 1:9 Shetani anauliza: je, Ayubu anamcha Mungu *hinnam*? Yaani kuna mtu anayemcha Mungu bila kupata kitu? Hapo Union inasema "bure". Katika 2:3 Mungu mwenyewe anamwambia Shetani: umenichochea nimwangamize *hinnam*. Hapo Union inasema "pasipokuwa na sababu". Kwa Kiswahili hayo ni maneno mawili, na masikio hayayaunganishi. Kwa Kiebrania ni neno lile lile limerudi kama mwangwi. Swali la Shetani lilikuwa kama uchaji unaweza kuwa wa bure. Neno la Mungu ni kwamba mateso haya ndiyo ya bure. Ayubu hakuwepo kwenye kikao hicho, lakini kufika 9:17 naye analitamka: ananizidishia jeraha *hinnam*. Amelifikia mwenyewe, kutoka jalalani, neno lililosemwa juu.

Kwa hiyo mtu anaposema mbele ya mgonjwa kwamba lazima iko sababu, iko dhambi, iko laana, ajue anabishana na nani. Wazazi wangu kila mmoja alibeba kinasaba kimoja cha selimundu bila kujua. Wakikutana watu wawili wa namna hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mwenye ugonjwa. Na kinasaba hicho kikiwa kimoja tu mwilini humkinga mtu dhidi ya malaria kali, ndiyo maana kimedumu na kuenea katika sehemu kama zetu. Huenda Baba na Mama walivuka utoto wao Muheza kwa sababu ya kitu kile kile kilichokuja kumchoma mtoto wao mifupa. Sijaona laana hapo, wala sijaona mzee mwenye kinyongo.

Sasa turudi kwenye mstari.

Kwa Kiebrania nusu yake ya kwanza ni maneno manne: *hen yiqteleni lo ayahel*. *Hen* ni tazama. *Yiqteleni*, ataniua. *Ayahel*, nitangoja, nitatumaini. Katikati kuna *lo*, na kijineno hicho ndicho kilichowatenga mhubiri na Mama. Kiebrania kina *lo* mbili. Moja huandikwa kwa lamedi na alefu, maana yake "la, si". Nyingine huandikwa kwa lamedi na vavu, maana yake "kwake". Kwa sikio hazitofautiani hata kidogo. Ukisikia *lo ayahel* gizani hujui kama mtu amesema singoji, au amesema namngoja yeye.

Wanazuoni wa Kiyahudi waliohifadhi matini, wale tunaowaita Wamasora, walirithi mstari huu ukiwa umeandikwa kwa alefu: singoji, sina tumaini. Lakini mapokeo ya kuusoma kwa sauti yalikuwa na vavu: nitamngoja. Walifanya nini? Hawakufuta. Ndani ya mstari waliacha herufi kama walivyozikuta, na pembeni ya ukurasa wakaandika kinachosomwa. Iliyoandikwa huitwa *ketivi*, inayosomwa *kere*. Katika kodeksi maarufu ya mwaka 1008, iliyonakiliwa Cairo na sasa kutunzwa St. Petersburg, zote mbili zipo mpaka leo, moja ndani na moja pembeni, kama ndugu wawili waliogombana wakaamua kuishi nyumba moja.

Watafsiri hawana pembeni ya namna hiyo, lazima wachague. Hieronimo katika Kilatini alichagua vavu: hata akiniua, nitamtumaini. Biblia ya Kiingereza ya King James ya 1611 ikaenda njia hiyo hiyo, na kutoka humo mstari ukaingia katika mahubiri na nyimbo za dunia nzima, mpaka chini ya turubai letu. Mhubiri hakutunga. Alikuwa akinukuu kutoka kumbukumbu ambayo chanzo chake ni Kiingereza, huku mkononi ameshika Biblia ya Kiswahili inayosema vingine. Tafsiri yetu ya Union, iliyotoka nzima mwaka 1952 ikiunganisha Kiswahili cha Unguja na cha Mombasa, ilichagua alefu.

Wala msidhani Union huwa inachagua alefu kila mara. Zaburi 100:3 ina tatizo lile lile kabisa, *lo* kwa *lo*. King James ikasema Mungu ametuumba "na wala si sisi wenyewe". Union ikachukua vavu, nasi tunaimba: "Ndiye aliyetuumba na sisi tu watu wake." Kwa hiyo watafsiri wetu walipofika kwenye Zaburi waliona mstari unadai vavu, walipofika kwa Ayubu wakaona unadai alefu. Hawakuwa watu wa kuogopa neno zito. Nawaheshimu sana kwa hilo. (Na kila ninapoifikiria Biblia ya Kiswahili namkumbuka mmisionari Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na mwaka huohuo akamzika mkewe na kichanga chao, huku kazi ya kutafsiri Mwanzo ikiwa ndiyo kwanza ameianza. Kazi hii katika lugha yetu ilipita mapema sana mikononi mwa mfiwa.)

Je, watafsiri wa Union walikuwa sahihi? Mimi nadhani ndiyo, na sababu yangu ni kitenzi chenyewe. *Ayahel* kwa umbo hilo hilo imo mara tatu katika kinywa cha Ayubu. Katika 6:11 anauliza: nguvu zangu ni nini hata ningoje? Katika 14:14 anasema: siku zote za vita vyangu ningengoja mpaka kufunguliwa kwangu kuje, lakini anayasema hayo kama ndoto, baada ya kuuliza kama mtu akifa atakuwa hai tena. Kati ya hizo mbili ndipo ulipo mstari wetu. Mtu huyu amechoka kungoja tangu sura ya 6. Na sentensi iliyotangulia, 13:14, inasema anaichukua nyama yake kwa meno yake na kuiweka nafsi yake mkononi. Ni maneno ya mtu anayejua anahatarisha kila kitu. Nikiusoma mstari ule naliona pindo la kanga.

Lakini sikubali kwamba "sina tumaini" ni mwisho wa imani ya Ayubu. Nadhani wanaoukimbia mstari huu wanaukimbia kwa sababu wanaishia nusu. Nusu ya pili inaanza na *akh*: lakini. Lakini njia zangu nitazitetea mbele za uso wake. Kitenzi chake kinatoka kwenye mzizi wa mahakamani, wa kuhojiana, kutoa hoja, kuthibitisha. Sura nzima ya 13 iko barazani kwa hakimu: nimeitengeneza kesi yangu, ni nani atakayeshindana nami. Mzizi huohuo ndio ulioko Isaya 1:18, ambako Mungu mwenyewe anaita: haya njoni, tusemezane. Ayubu anaitika wito, ingawa hajaitwa kwa upole.

Na "mbele za uso wake" si maneno ya kupamba. Shetani aliweka dau katika sura ya 1 na ya 2 kwamba Ayubu akiguswa atamlaani Mungu mbele za uso wake. Sasa Ayubu ameguswa, na kweli anaelekea kwenye uso huo. Ila kinachotoka kinywani ni kesi, si laana. Mtu aliyeacha kumwamini mtu hampeleki shauri lake; anamhama tu. Tunawajua watu walioshindwa kesi ya shamba baraza la kata na la wilaya, na bado wanapanda basi na faili lao kwenye mfuko wa nailoni. Ukimuuliza kama ana tumaini atakwambia hana. Ukimuuliza anakwenda wapi, anakwenda kwa hakimu.

Usiku nilipomweleza Mama mambo ya alefu na vavu ilikuwa kama wiki mbili baada ya matanga kuanuliwa. Wageni walikuwa wameondoka, sufuria za kuazima zimerudishwa. Tulikaa jikoni, yeye kwenye mbuzi ya nazi kwa vile kigoda kilikuwa kimevunjika. Nilimwandikia herufi mbili kwa mkaa nyuma ya bahasha ya rambirambi. Aliziangalia muda mrefu.

"Na zinasikika sawa?"

"Sawasawa, Mama."

Akanyamaza, akasukuma kuni moja ndani. Kisha akasema: "Basi hata sisi tunalo hilo. Si ni *si*?"

Sikumwelewa. Akanifafanulia kama anavyomfafanulia mtoto. Ukisema *sikukuambia*, umekana. Ukisema *si nilikuambia!*, umesisitiza. Mdogo wako alikuwa akipelekwa kutolewa damu ananiuliza, Mama, utaningoja? Namwambia, *si nitakungoja!* Hiyo *si* ina kukana ndani yake? Haina. Lakini ni *si* hiyo hiyo.

Nilikaa kimya. Wapo wafasiri ambao wameusoma mstari huu hivyohivyo, alefu ikabaki palepale ilipoandikwa lakini sentensi ikageuka swali: ataniua, nami si nitamngoja? Nilikuwa nimekutana na maoni hayo zamani nikayapita haraka, yakaonekana ni ujanja wa kukwepa. Kwa Mama halikuwa ujanja, lilikuwa jambo alilomwambia mtoto wake mlangoni pa wodi.

"Wewe unausomaje?" nikamuuliza.

"Siku ile nilikuwa sina," akasema. "Kabisa. Mtumishi alipopaza sauti niliona kama ananinyang'anya kitu."

Kunyang'anya. Nimelitafakari neno hilo kuliko maelezo yote niliyosoma. Tuna maneno mengi ya msibani. Kazi ya Mungu haina makosa. Mungu amempenda zaidi. Bwana alitoa na Bwana ametwaa, ambayo nayo ni ya Ayubu, ya sura ya 1, na hatujawahi kusoma msibani ya sura ya 3 ambako anailaani siku aliyozaliwa. Hata subira ya Ayubu, tunayoisifu Wakristo kwa waraka wa Yakobo na Waislamu kwa Kurani na kwa tenzi za pwani, tumeifanya subira ya mtu asiyesema kitu. Lakini Ayubu wa Kiebrania anasema kwa sura kumi na nane na zaidi. Anawaambia rafiki zake kwamba misemo yao ni mithali za majivu, kwamba wao ni matabibu wasiofaa, na kwamba laiti wangenyamaza kabisa, hiyo ndiyo ingekuwa hekima yao. Ni 13:5, mistari kumi tu kabla ya mstari wetu. Tukitafuta hekima katika kitabu hiki huwa tunakimbilia sura ya 28, shairi zuri la machimbo na vito. Mimi naona hekima ya kwanza iko hapa: nyamaza.

Na swali linalofuata, la 13:7, linanichoma kila ninapopanda madhabahuni kufundisha: mtamsemea Mungu yasiyo kweli? Yaani inawezekana mtu akamtetea Mungu kwa uongo, na Mungu asiupokee utetezi huo.

Marabi wa kale waliliona jambo hili. Katika Mishna, mkusanyo wa mafundisho yao uliokamilishwa karibu mwaka 200 baada ya Kristo, sehemu iitwayo Sota, sura ya 5, Yehoshua ben Hyrcanus anafundisha kwamba Ayubu alimtumikia Mungu kwa upendo, na ushahidi anaoutoa ni mstari wetu. Mara matini yenyewe inamkatiza: jambo bado liko kwenye mizani, namngoja au singoji? Walijua, basi, na hawakujifanya hawajui. Wanatatuaje? Hawaamui kuhusu herufi. Wanakwenda sura ya 27, ambako Ayubu anasema: mpaka nife sitauondoa uelekevu wangu kwangu. Hapo, wanasema, ndipo tunapojua alitenda kwa upendo. Kisha mwalimu mwingine anamwita mwalimu mkubwa aliyekwisha kufa: nani atakuondolea vumbi machoni pako, Yohanan ben Zakkai! Maisha yako yote ulifundisha kwamba Ayubu alimtumikia Mungu kwa hofu tu, na leo mwanafunzi wa mwanafunzi wako ametufundisha kwamba ulikuwa upendo.

Tazameni mstari wa 27:5 unaanzaje. Unaanza na Ayubu kukataa kuwaambia rafiki zake kwamba wana haki. Huo ndio ushahidi wa upendo walioukubali marabi: mtu anayekataa kusema uongo kuhusu maumivu yake hata kama uongo huo ungeonekana kumtukuza Mungu. Tumaini wameliacha kwenye mizani. Upendo wameutoa.

Mwisho wa kitabu Mungu anamkasirikia Elifazi na wenzake wawili, wale waliomtetea, na kusema hawakunena lililo sawa kama mtumishi wake Ayubu. Tafsiri zinasema "juu yangu", na inawezekana. Lakini neno ni *elai*, ambalo kwa kawaida maana yake ni "kwangu". Hawakusema *nami*. Pitieni hotuba zao zote: wanamzungumzia Mungu kwa ufasaha, hakuna hata mmoja anayemgeukia kumwambia neno. Ayubu anamgeukia mara kwa mara, kwa hasira, kwa machozi, kwa kesi. Katika sura yetu anamgeukia mistari mitano tu baada ya kusema hana tumaini.

Kuhusu kurudishiwa mali sitasema sana. Kondoo 7,000 wakawa 14,000, ngamia 3,000 wakawa 6,000. Watoto walikuwa 10 wakazaliwa wengine 10. Mama alipofika hapo aliuliza, "Na wale kumi wa kwanza?" Mimi sina jibu, na kitabu hakijajaribu kulitoa.

Jirani yetu, Bi Mkubwa, ni Mwislamu. Siku zote za msiba alikuja baada ya sala ya alfajiri, akakaa karoni pa vyombo, akaosha. Sikumsikia akitoa somo. Siku ya kwanza alisema inna lillahi, akamshika Mama kichwa, akaenda kwenye masufuria. Mama anasema ni yeye peke yake aliyemwona analia akakaa tu.

Siku ya arobaini Mama alikataa mhubiri. Akasema mtoto wangu atasoma. Tulikuwa wachache, ndugu wa karibu na Bi Mkubwa kwenye kona ya mkeka. Akanikabidhi Biblia yake, si yangu, akanionyesha kwa kidole pa kuanzia: sura ya 13, mstari wa 13, nyamazeni niacheni ninene. Nikasoma. Nilipofika 15 nikaishusha sauti bila kukusudia, kama mtu anayepita karibu na mgonjwa aliyelala.

"Rudia," Mama akasema.

Nikarudia kwa sauti kamili. Tazama, ataniua, sina tumaini. Hakuna aliyeitikia amina. Nje kuku alikuwa akichakura majani ya michungwa, na Bi Mkubwa alikuwa ameinamisha kichwa.

Mama alirekebisha uzi wa miwani sikioni.

"Haya," akasema. "Sasa soma lakini yake."